Jiwe la Kunolea Tulilolipandisha Ngomeni

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu nilipoamini kwamba chini ya ngome ya zamani, kule mlimani juu ya Matulo, kuna njia ya chini kwa chini inayotokea Burma.

Aliyeniambia ni askari mmoja aliyerudi kutoka vitani, akawa anauza sigara pale Tuwan, Kitale, amevaa koti lake la jeshi hata jua likiwaka. Aliapa kwamba wazee wetu walipozingirwa ngomeni na bunduki za wazungu, walichimba, wakatembea gizani miezi mingi, wakatokea huko. Ati yeye mwenyewe alipofika Burma alikuta mama mmoja anachoma mahindi kando ya njia, naye akamsalimu "Mulembe" kwa Kibukusu safi, kisha akampunguzia bei.

Mimi sikuamini kwa ujinga, bana. Niliamini kwa elimu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimehitimu shule ya usiku, na mwalimu alikuwa ametuonyesha kwa chungwa kwamba dunia ni mviringo. Kama funza hutoboa chungwa akatokea ng'ambo, watu wetu wangeshindwaje?

Ingebaki hadithi ya kuchekea kama baba mdogo, ndugu ya baba yangu, hangekuwa ameenda Burma na vita vya mfalme na asirudi. Rafiki yake wa kikosi alikuja akatuambia amekufa na amezikwa kando ya mto, alishuhudia kwa macho yake. Mama mdogo, mkewe, alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, kisha akamuuliza, "Uliona uso, ama uliona blanketi?" Yule mtu akatazama kikombe. Tangu siku hiyo mama mdogo akakataa kunyolewa. Kwetu mjane hunyolewa nywele ndipo matanga yaishe, na asiponyolewa, msiba unabaki umeketi nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Miaka ikapita hivyo. Kila mbwa akibweka, alitoka nje kuangalia.

Bibi yangu, aliyemzaa baba na baba mdogo, alichoka kabla yetu sote. Alikuwa amezaliwa na kukulia ndani ya ile ngome. Humo, ukoo wetu una safu ya mawe, jiwe moja kwa kila mtu wetu aliyekufa vitani asizikwe na mikono yetu. Jiwe hutoka nyumbani kwa marehemu, na mkewe ndiye hulilaza. Basi bibi akaamua: twende, mwanawe awekwe pamoja na wazee wake. Mama mdogo hakukataa. Alisema tu, "Nitaenda kuona."

Jiwe lenyewe lilikuwa la kunolea. Baba mdogo alinolea panga hapo kila asubuhi mpaka likalika katikati kama mgongo wa punda mzee. Nawaambia, jiwe lile lilikuwa na uzito wa gari la moshi pamoja na abiria wake na kuku wao. Tulipanda lori la mahindi kutoka Kitale, bibi, baba, mama mdogo na mimi, tukakaa juu ya magunia. Tulipofika Ndalu kiuno changu kilikuwa kimehama kikaenda kuishi mabegani. Kabla ya Matulo lori likazimika, dereva akalala chini yake kana kwamba ndiko kwao, nasi tukaanza kutembea.

"Kijana wa shule, beba," akasema baba.

"Baba, si tupokezane?"

"Mimi nimepikia wazungu wiki nzima. Wewe umebeba nini? Kalamu?"

Bibi akacheka, akakohoa, akaketi kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa akiketi kila tulipofika kwenye kivuli, na kuinuka kwake kulikuwa kazi ya watu wawili. Mama mdogo alilichukua jiwe kichwani pangu, akalifunga kwa leso mgongoni kama mtoto, akatangulia. Mlima ule, nyinyi mnaousikia tu, umesimama wima kama ukuta wa kanisa, na juu yake mawe yanatoa joto kama sufuria. Tulipanda bila maneno. Hata mimi nilinyamaza, jambo ambalo baba hulisimulia mpaka leo.

Juu hapakuwa na kitu. Nilitarajia minara. Palikuwa na tuta refu la udongo lililozunguka uwanja, nje yake handaki lililojaa vichaka, na mbuzi wa mtu wakila. Pengo moja kwenye tuta ndilo lililokuwa lango. Bibi alisimama hapo muda mrefu, ameshika udongo, ndipo akaingia. Mawe ya ukoo yalikuwa upande wa machweo, nyasi zimeyafikia shingoni.

Baba akang'oa nyasi, akatengeneza nafasi. "Haya, shemeji. Laza."

Mama mdogo hakufungua leso. Akanigeukia mimi. "Wewe uliyesoma. Ile njia ya chini iko wapi?"

Nikajua kwamba hakupanda mlima kuweka jiwe. Alipanda kutafuta mlango.

Basi tukautafuta. Tulizunguka handaki lote, mimi mbele nikipasua vichaka, yeye nyuma na jiwe mgongoni, jasho likimchuruzika. Nilipoona shimo la mhanga nikaita, "Hili hapa!" Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, akabaki hivyo, shavu kwenye udongo, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

"Inapumua?" nikamuuliza.

"Kuna baridi," akasema.

Baba alitaka kugomba, lakini bibi akamzuia. Akashuka handakini mwenyewe, kwa makalio, polepole, akaketi kando ya mkaza mwanawe.

"Toa mkono, mama. Nyoka."

"Mama, watu walipita hapa. Wote wanasema."

"Wanaosema walikuwepo?"

Mama mdogo akatoa mkono. Bibi akampangusa udongo kwa ncha ya nguo yake, kidole kimoja kimoja. Walikaa. Mbuzi wakatuzoea. Baadaye mama mdogo akainuka kwa shida, akapanda hadi kwenye ile nafasi, akafungua leso, akalilaza jiwe, upande uliolika juu. Kisha akavua kitambaa kichwani, akaketi mbele ya bibi na kuinamisha kichwa. Bibi akatoa wembe aliokuwa ameufunga kwenye pindo tangu Kitale.

Mimi nilisimama pale na chungwa langu la mwalimu bado likizunguka kichwani. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza bibi.

"Lakini kukhu, watu wote wale waliokuwa humu, kama hawakupita chini, walipita wapi?"

Hakuacha kunyoa.

"Hakuna njia ya chini, mjukuu wangu. Nilikuwa humu. Sisi tuliotoka tulitoka langoni, mikono kichwani, mchana. Mama yangu hakutoka."