Sihami, Nakwenda Kukarabati Ngome

Neno lenyewe lilikuwa na herufi nne tu, limeandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa udongo kando ya mlango wangu, Sarang'ombe, mtaa wa Kibera, Nairobi: HAMA. Nililikuta asubuhi moja ya Januari, mwaka ule wa 2008, nilipotoka kumwaga maji. Majirani walikuwa wameliona kabla yangu, kwa maana kila aliyepita siku hiyo alikuwa na haraka ya ajabu, macho yakiwa chini.

Sababu niliijua. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Kura zilikuwa zimepigwa, matokeo yakakataliwa, Kibera ikawaka. Kisha mwanasiasa mmoja Mkamba akaingia serikali ile ile iliyokataliwa, na watu wakaanza kuniangalia kana kwamba ni mimi niliyemshika mkono hadi ofisini. Miaka tisa nimeishi ploti ile ya vyumba vya kupanga. Kazi yangu ni plasta, na ukizunguka mtaa wa Kawangware 56 ukiona ukuta umenyooka, kuna uwezekano mkubwa ni wangu. Mwanasiasa huyo sijawahi kumwona hata ndotoni.

Jambo ambalo wengi hawakulielewa ni kwamba safari nilikuwa nayo tayari. Kabla ya Krismasi lilisomwa tangazo kanisani: mji mmoja mdogo wa pwani unakarabati ngome yake ya kale, iliyojengwa na askari wenye mizinga, iwe makumbusho. Wanatafuta mafundi wa kujitolea. Chakula na malazi vipo. Niliandikisha jina langu, Mwikali, na la Wafula. Wafula ni mwashi, Mluhya wa Bungoma anayeishi Kawangware. Yeye hujenga, mimi hupiga plasta, na miaka sita tumesimama kwenye jukwaa moja bila kuangushana. Sasa watu wa kwake walimwambia asionekane na mimi, na watu wangu waliniambia nisionekane naye. Tulipoongea kwa simu tulikubaliana kwamba kazi tumeahidi na kazi tutakwenda kuifanya.

Asubuhi ya kuondoka, Baba Sharon alinisubiri mlangoni. Huyu ndiye keateka wa ploti, anayetuangalizia nyumba kwa niaba ya mwenyewe, na si mtu mbaya. Ni mwoga tu, na wakati ule woga ulikuwa na sababu.

"Mama Mutindi," aliniambia. Mutindi ni binti yangu, nilikuwa nimemwacha kwa nyanyake Kitui tangu likizo. "Acha tu funguo. Hii kitu ikipoa utarudi."

"Baba Sharon, ukiona nimebeba kitanda, hiyo ni kuhama. Mimi nimebeba karai na mwiko. Hiyo ni safari."

"Hawa vijana hawataona hiyo tofauti."

"Basi waonyeshe. Waambie sihami, nasafiri."

Nilifunga kufuli, nikatia funguo kwenye uzi, nikauvaa shingoni. Nilitembea Kibera Drive hadi Mbagathi, karai kichwani, kwa sababu magari hayakuwepo, nikafika mjini jua likiwa limeshapanda.

Kwenye kituo cha mabasi, Wafula alikuwa amekalia gunia lake la vifaa. Nilimsimulia habari ya ukuta. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Hao ni watu hawakumaliza shule, sistee. Walitaka kuandika MAMA, wakakosea herufi ya kwanza." Nilicheka mpaka mtu wa tikiti akatugeukia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mwaka huo.

Saa sita mchana tulikuwa Kibwezi. Basi lilisimama watu wanunue maji na ndizi. Pale ndipo barabara ya Kitui inapochepuka, na Wafula aliijua, maana tuliwahi kwenda pamoja kumzika baba yangu.

"Ukitaka kushuka, shuka," alisema taratibu. "Nitawaambia umekuwa mgonjwa. Wewe enda tu kwenu."

Alikuwa ananihurumia, na nilijua. Lakini neno hilo, kwenu, lilinichoma. Wiki mbili nzima nilikuwa nalisikia kila mahali. Vijana waliofunga njia walikuwa wanauliza kwenu ni wapi, na ukikosea jibu umekwisha. Waliokuwa wanachoma walisema rudi kwenu. Hata waliotaka kukusaidia walisema nenda kwenu. Nilitamani sana kumwona mwanangu, nusu saa ile niliangalia barabara ile ya vumbi mpaka macho yakauma. Ila nilijua nikishuka pale, nitakuwa nimelitii lile neno la ukutani.

"Ndizi zako zinaiva," nilimwambia Wafula. "Kula, tuendelee."

Tulilala Mombasa kwa binamu yake Wafula, na kesho yake adhuhuri tukafika mji wenyewe. Ngome iko mwisho wa barabara, nene na ya kijivu, ina mianya ya mizinga inayoangalia maji, na mtini umeota juu ya ukuta wa mashariki mithili ya kofia ya harusi. Askari wa mwisho waliondoka zamani, ikawa gereza, kisha ghala, kisha choo cha kila mpita njia. Tulikuta watu kama ishirini wa mji huo, walimu na wauza samaki na wastaafu, wakibeba kifusi kwa mabeseni.

Aliyetupokea ni Bi Mwanaisha, mama wa miaka sitini na kitu, chokaa hadi kwenye nyusi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa chokaa, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa kila kitu.

"Karibuni, wanangu. Poleni na safari. Kwenu hawajambo?"

Nililisikia neno moja tu. "Kwetu ni Sarang'ombe!" nilimjibu kwa sauti ya kugombana. "Kama unataka kujua kabila, uliza kabila!"

Mabeseni yalisimama. Wafula aliinamisha kichwa. Bi Mwanaisha alinitazama, akajifuta mikono kwenye leso yake bila haraka.

"Haya," alisema. "Basi huko Sarang'ombe, hawajambo?"

Tangu mambo yaanze, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameniuliza kama watu wa Sarang'ombe wako salama. Nililia pale pale mbele ya watu nisiowajua, mtu mzima na karai langu kichwani. Bi Mwanaisha alilishusha karai, akanikalisha kwenye kivuli cha ukuta, akaniletea maji ya ukwaju.

Wiki ya kwanza. Nitalisema kosa letu, maana nikilificha Wafula atalisema. Sisi wa Nairobi dini yetu ni simiti. Leo unapiga, kesho mwenye ploti anaingiza mpangaji. Tulipoona wenyeji wanachoma matumbawe kwenye tanuri kupata chokaa, wanayazima kwa maji, wanayalaza shimoni wiki nzima nzima, kisha wanachanganya na mchanga na kupondaponda kama wanaotwanga mahindi, tulionea huruma muda wao. Siku ya Ijumaa watu walipokwenda msikitini, tulichukua mifuko miwili ya simiti iliyoletwa kwa ajili ya sakafu ya vyoo vipya, tukaziba upande mzima wa chumba cha askari. Ukuta ukawa laini, umenyooka, kioo kitupu. Tulikaa chini tukingoja sifa.

Bi Mwanaisha aliingia, akaugusa kwa kucha.

"Nani amewatuma?"

"Tumewasaidia, mama," alisema Wafula.

"Mmeuziba pua. Jiwe hili linakunywa maji ya chumvi na kuyatoa. Likikosa pa kuyatolea linakuwa unga humo ndani, na nyinyi nje mnaona kizuri tu. Mlikuwa na haraka ya nini? Askari wanarudi kesho?"

Siku mbili tulitwanga patasi kuondoa uzuri wetu. Siku ya tatu alitufundisha upya, mimi fundi wa miaka kumi na mitano, nikashikwa mkono kama mtoto wa chekechea. Chokaa inataka ukuta uliolowa kwanza. Inataka kupigwa nyembamba, mara tatu. Na kazi yenyewe huanza ukishamaliza kupiga: asubuhi na jioni unainyunyizia maji, unaifunika magunia mabichi, unaikalia kama mgonjwa. Ukiiacha peke yake inapasuka.

"Inakauka lini?" nilimuuliza.

"Nyumba yetu aliipiga bibi yangu," alisema. "Naona sasa inaanza kushika."

Wafula alifikiri ni mzaha. Mimi nilimtazama vizuri, sikuona mzaha.

Wiki ya tatu, chumba cha askari kilikuwa kimerudi kuwa cheupe, na nilikuwa nimeanza kuringa tena, ndipo ujumbe wa Baba Sharon ukaingia kwenye simu yangu. Alikuwa ameuandika kwa ufupi, maana kadi za simu zilikuwa adimu: "Kuna mtu anataka nyumba. Kuja utoe vitu ama nitoe."

Redio siku hiyo zilisema barabara zimefungwa huku na nyumba zimechomwa kule. Kila mtu pale ngomeni aliniambia nisubiri viongozi wapatane. Mwalimu mmoja mstaafu alinieleza kwa upole kwamba kitanda na meza vinanunulika. Nilimjibu kwamba sirudii kitanda. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo tena, na sijuti. Watu walikuwa wanaokoa vyumba vya askari waliokufa zamani, jiwe kwa jiwe, na mimi niache chumba changu ambamo bado ninalala?

Wafula alianza kufunga gunia lake. Nilimzuia.

"Baki. Nani atamwagilia ukuta wangu?"

"Mwikali, huko ni kubaya."

"Nikirudi nikute umepasuka, ndiyo utajua kubaya."

Bi Mwanaisha hakunizuia wala hakunihimiza. Alikwenda shimoni, akajaza ndoo ya chokaa iliyolala, akaimwagia maji juu, akafunga kifuniko na kukizungushia kamba. "Nyumba yenu ni ya udongo? Itashika. Kwaruza kwanza, lowesha, piga nyembamba." Kisha akanishika bega. "Wasalimie Sarang'ombe."

Safari ya kurudi siikumbuki sana. Nakumbuka ndoo kati ya miguu yangu na kondakta akiuliza kama ni maziwa. Nakumbuka tulipofika Kibwezi sikuangalia nje.

Sarang'ombe niliingia saa tisa mchana, ndoo kichwani, nikapita katikati ya njia. Vijana watatu waliokaa kwenye kibao walinikazia macho. "Niaje," niliwaambia. Mmoja aliitika kabla hajakumbuka kwamba hakupaswa kuitika.

Kufuli langu lilikuwa bado mlangoni. HAMA nayo ilikuwa bado ukutani. Chini yake, juu ya godoro lililoviringishwa, alikaa mwanamke wa rika langu na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumtosha yeyote, nimeyapanga tangu Mombasa.

"Huyu ndiye anataka nyumba," alisema Baba Sharon haraka, akisimama mbali kidogo. "Ametoka Bonde la Ufa. Walichomewa."

Swali lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu: kwenu ni wapi? Nilisikia ladha yake. Huyu naye alikuwa ameambiwa arudi kwao, akaletwa Kibera ambako hajawahi kuishi, akaketishwa chini ya neno lile lile. Nilitua ndoo.

"Pole na safari, mama," nilisema. "Kwenu hawajambo?"

"Wengine sijui wako wapi," alijibu, akamfunga mtoto vizuri mgongoni.

Nilimfungulia mlango aingize mtoto. Baba Sharon alidhani nimekubali kuhama, akaanza kunishukuru. Nikatoa mwiko wangu, nikaanza kukwaruza ukuta, na herufi ya kwanza kuanguka ilikuwa H. Yule mwanamke, jina lake Atieno, alitoka bila kuitwa akachota maji. Watu walisimama kutazama. Nilipiga nyembamba, kama nilivyoelekezwa. Kesho yake asubuhi nililowesha, jioni nikalowesha, keshokutwa vile vile, nimesimama nje mchana kweupe ambapo kila mwenye neno angeweza kuja kuliandika tena. Nilipokwenda kutafuta kazi Kawangware, Atieno alishika zamu ya maji. Tulilala chumba kimoja hadi alipopata chake, ploti hiyo hiyo, wiki kadhaa baada ya viongozi kupeana mikono kwenye televisheni.

Mtu akiniuliza nilijifunza nini pwani, namjibu nilijifunza kupiga chokaa. Anadhani namfanyia dharau. Lakini ni kweli, na sijui namna nyingine ya kumweleza. Wafula alirudi mwezi wa nne akaniambia ukuta wangu wa ngomeni haukupasuka, na kwamba watoto wa shule wameshaanza kuingia kuutazama.

Wiki ile ya kwanza tangu nirudi, Baba Sharon alinijia nikiwa na kopo la maji mkononi. "Mama Mutindi, wananiuliza. Sasa utahama lini?"

"Huu ukuta ukikauka."

"Na utakauka lini?"

Nilimwambia aje aulize kila asubuhi. Alikuja siku mbili tatu, akaacha. Binti yangu Mutindi amerudi, anasoma hapa, na chumba ni kile kile. Leo kabla ya kukaa kuandika haya nimetoka nje nikaugonga ule ukuta kwa kidole.

Bado mbichi.