Taya Lililofunguka kwa Muda

Nilianguka kwenye bodaboda asubuhi moja nikielekea soko la Owino, Kampala, ambako nilikuwa nauza mitumba ya watoto. Kidevu ndicho kilichotangulia kugonga lami. Taya lilivunjika pande zote mbili, karibu na masikio, na kwa kuwa sikutibiwa vizuri, mifupa iliunga vibaya ikashikana na fuvu. Mdomo ukawa unajifunga polepole, hadi hata ncha ya kijiko haikupita. Ilibidi ning'olewe jino moja la mbele ili uji upate njia.

Mama yangu, niliyekimbia naye vita Bukavu, ndiye aliyenilisha. Tuna chumba kimoja mtaa wa Bukoto. Alichuja kila kitu kwa kitambaa: maharage, samaki, hata sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu. Mimi mwanamke mzima, nanyonya chakula cha jioni kwa mrija.

Kisha nikaelekezwa kwa daktari wa upasuaji wa mataya, aliyekuwa akishirikiana na madaktari wageni waliojitolea kutusaidia watu kama mimi. Picha za mifupa yangu zilitumwa ng'ambo. Siku alipotuita tena, aliweka mezani fuvu la plastiki nyeupe.

"Nyabo, huyu ni wewe," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kampala, ambako nyabo ni bibi. "Wametengeneza kufuata ile picha."

Mama akaligusa shavuni, akaondoa mkono haraka. Daktari akatuonyesha viungo vya chuma vitakavyokaa mbele ya masikio, kimoja kila upande, kila skrubu na mahali pake. "Hii iko ya wewe tu," akasema. "Kwa mtu mwingine haiwezi kuingia." Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyechumbiwa.

Nilipoamka baada ya upasuaji, uso ulikuwa umevimba hadi macho, lakini meno yalikuwa yameachana. Kwa wiki nyingi nilifanya mazoezi ya kupachika vijiti vya mbao katikati ya meno, machozi yakinitoka, nikiongeza kijiti juu ya kijiti. Halafu jioni moja nikaketi mlangoni na hindi la kuchoma, nikalitafuna punje kwa punje. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sokoni nilianza tena kuita wateja kwa sauti yangu. Niliamini mabaya yamekwisha.

Uvimbe ulianza mbele ya sikio la kushoto, mdogo, wenye joto. Nikajiambia ni mbu. Ukapasuka, ukatoa usaha. Nilichomwa sindano, nikawekewa dripu, nikasafishwa kidonda, nikaruhusiwa, nikarudishwa. Upande wa kulia nao ukafuata.

Daktari alivuta kiti akakaa karibu na kitanda changu. "Wadudu wamejishika kwa chuma," akasema. "Dawa haifiki pale. Lazima tutoe zote mbili."

"Baadaye utaniwekea vingine?"

Alitazama mikono yake. "Mfupa wako umebaki kidogo, nyabo. Sitaki kukudanganya."

Vilipotolewa, Mama alimuuliza kama havingeweza kusafishwa apewe mgonjwa mwingine, angalau viwe na faida kwa mtu. Daktari akatikisa kichwa. Sijui walivipeleka wapi, na sikuuliza.

Sasa kidevu kimezama, meno ya mbele hayakutani, na usiku Mama huniamsha nigeuke, kwa sababu nikilala chali pumzi inakwama. Kwanza taya lililegea likawa linaning'inia. Siku hizi linakaza tena, na kila asubuhi napima kwa kidole kati ya meno, najua nafasi imepungua. Wateja wapya wanadhani mimi ni bubu, nami nawaonyesha bei kwa vidole. Zamani nilivumilia kwa kuwa nilikuwa nimeshasahau kutafuna. Sasa nakumbuka vizuri sana. Kanisani naenda kwa ajili ya Mama, nakaa, nainuka, ila kuomba nimeacha.

Mama amerudia kuchuja chakula. Akishanilisha, hubeba sahani yake ya bugali na samaki, akaenda kula nyuma ya nyumba penye kamba za nguo.

"Kula hapa, Mama," nilimwambia juzi, kwa maneno yangu haya yasiyoeleweka vizuri.

"Hapa kuna joto, mwanangu," akasema, akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha.