Rundo la Mvua

Jumapili moja mtungi wa gesi uliniishia nyama ikiwa bado ngumu na wageni wameshakaa sebuleni. Hapa kwetu Area D, Dodoma mjini, kumpata wa kukuletea gesi Jumapili ni bahati nasibu, basi nikajifunga khanga nikatoka hadi barabara ya nyuma, kwa dada mmoja anayewauzia kuni wachoma nyama. Nikachukua vipande viwili nikavigonganisha. Vikatoa sauti nzito, ya kuziba. Nikavirudisha, nikachukua vingine, nikagonga tena. Yule dada akaniangalia, akacheka.

"Shikamoo mama. Kumbe mwenzetu! Uliwahi kuuza?"

Nikamwitikia marahaba, nikamwambia aliyeuza si mimi, ni mama yangu. Wageni walikula wamechelewa na mboga inanukia moshi, na hakuna aliyelalamika. Lakini mimi moshi ule wa mgunga haukunitoka puani wiki nzima, na ndiyo sababu leo nimekukalisha hapa nikusimulie.

Ilikuwa zile zama za ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, na kila mwenye sebule iliyotazama barabara ameigeuza duka. Upande wa pili wa ruksa hiyo, mashirika yalikuwa yanapunguza watu. Baba yangu, karani wa shirika moja la umma, akawa miongoni mwao. Tukatoka kwenye nyumba ya shirika tukahamia Ihumwa, vyumba viwili vya kupanga na kiwanja kipana kilichotazamana na reli. Baba alishinda uani amevaa viatu vyake vya ofisini, vimepigwa rangi vinang'aa, na hana pa kwenda. Mama akakiangalia kile kiwanja, akawaangalia wanawake waliokuwa wakipita na mizigo kichwani, akasema, "Ofisi yetu ni hapa."

Mama alikuwa na mdomo. Nakwambia mapema usije ukamfikiria malaika. Lakini kuni alizijua, kwa sababu alikulia kwao akizitafuta porini, na kile asichokijua alikiuliza bila aibu. Alisema kuni hazinunuliwi kwa macho. Ukuni mbichi unaweza kukaushwa gome likapendeza na ndani bado una maji. Ugonge na mwenzake, mkavu utalia na mbichi utanyamaza. Tazama kichwani, kama hauna nyufa uache. Alinunua kiangazi, njia zikipitika na bei ikiwa chini, wakati wenzake wanapumzika. "Anayenunua kuni masika," alisema, "anawauzia watu maji."

Kupanga ndiyo ilikuwa kazi yetu watoto, na hapo hapakuwa na mzaha. Kuni hazikulala chini hata siku moja. Tuliweka mawe kwanza, tukamwaga majivu kuyazunguka ili mchwa wasipande, halafu tukapanga safu moja hivi na nyingine kuikata, vichwa vikitazama upepo. Na upepo wa Dodoma unaujua, haukuachi na kofia. Juu tuliezeka mabati chakavu, ubavuni tuliacha wazi. Nilipouliza kwa nini tusifunike pote, mama akaniambia nijaribu mimi kulala nimefunikwa blanketi hadi puani halafu nije nimwambie.

Kila mteja alikuwa na ukuni wake. Wapika pombe walipewa magogo ya mgunga yenye moto wa kudumu. Wa maandazi walipewa vipande vyembamba, maana moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Mwarobaini mama hakumpa mtu wa kuchemsha chai, maana moshi wake ni mchungu. Mnyaa hakutaka hata uingie uani, kwa sababu utomvu wake ni adui wa macho. Mteja akitaka rahisi tu, chochote, mama alimuuliza kwanza anapika nini.

Baba naye taratibu akavua viatu. Akachukua upande wa mbao: mirunda ya wajenzi, mabanzi ya kuzibia mabanda, mbao za kupaulia zilizoteremshwa na malori. Akajifunza kwamba mbao haziegemezwi ukutani kama mlevi, zitapinda. Hulazwa kivulini, na kati ya safu na safu huwekwa fito ili hewa ipite. Akajifunza kufumba jicho moja na kuutazama ubao kwa urefu wake kabla ya kuupokea. Karani ni karani, hakupokea ubao hata mmoja usio na kibali cha misitu, na madereva walimwita Bwana Afisa kwa kumtania. Nilimwona akitabasamu siku ya kwanza alipoitwa hivyo. Tangu tuhame sikuwa nimeliona tabasamu lile.

Sasa jirani. Upande wa pili wa uzio wetu wa miba aliishi muuza mkaa, mtu wa kule Kondoa, mwenye punda na mkokoteni. Kiswahili alikijua vizuri, lakini punda alimgombeza kwa lugha ya kwao, ile yenye sauti za kualika kama kuni kavu zinapoanza kushika moto, nami nilikuwa nasogea uzioni makusudi nimsikilize. Yeye na mama hawakupatana. Aliwaambia wateja kwamba kuni zinatia sufuria masizi. Mama akawaambia wateja haohao kwamba mkaa ni ukuni ulioliwa ukabakizwa. Wakagombana juu ya uzio, juu ya kivuli, juu ya punda aliyekula mlenda wetu ulioanikwa.

Cha kuchekesha ni kwamba mama wa huyo jirani, bibi mkongwe asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, alikuja kwetu kila asubuhi na kigae chake kuomba moto. Mwanawe anauza mkaa, naye anaomba moto kwa muuza kuni! Mama alimchagulia kaa jekundu la mgunga, akamwekea na kiazi cha kuchoma, nao wakakaa jikoni wakiongea, huyu kwa lugha yake na huyu kwa yake. Sijui waliambiana nini. Walicheka sana.

Mambo yetu yalikuja kushikwa na shule moja ya bweni. Mtunza stoo wa shule alimwambia mama kwamba atamjaribu kwa masika yale: kuni kavu zifike jikoni kwa wakati mvua yote bila kukosa, basi kazi ya mwaka mzima ni yake. Akikosa, atafutwe mwingine. Kwa upande wetu hapakuwa na njia nyingine. Wazazi walishakubaliana kwamba biashara ikishindwa kutulipia kodi na ada, tunafunga mizigo kurudi kwa babu, upande wa baba, ambako shule ilikuwa mwendo wa nusu siku na msichana wa umri wangu alishahesabiwa kuwa mchumba wa mtu. Nililijua hilo. Kwenye vyumba viwili hakuna siri.

Ndipo mama akapanga rundo la mvua. Lilikuwa rundo kubwa kuliko yote, kando ya ukuta, mabati yake mazima, kuni zake amezigonga mmojammoja. Halikuuzwa. Mteja angelisifia, angebembeleza, mama anamwonyesha rundo jingine. Mvua ilipoanza ikawa ya kweli, ile inayogeuza Ihumwa kuwa tope jekundu tupu, na kila zamu ya shule kuni zilikwenda kavu. Tukaanza kupumua.

Katikati ya mvua hiyo yule bibi akafariki.

Kwetu pale kuni za msiba haziuzwi. Jirani akifiwa kila nyumba inatoa gogo, unalibeba mwenyewe na kulitua uani kwa wafiwa kabla hujakaa mkekani. Na zikibaki hazirudi zilikotoka. Kuurudisha nyumbani kwako ukuni wa msiba ni kuuita msiba ukufuate. Basi watu walileta, mtaa mzima: mwalimu alileta mhimili wa mlango wa zamani, muuza maziwa akaleta gogo la banda la ng'ombe, mwingine kigingi cha uzio chenye msumari. Lakini zote zilikuwa zimelowa. Ndugu wa Kondoa walikuwa wameshafika na lori, masufuria makubwa yamewekwa mafigani, ambako mkaa haufai, na moto hauwaki. Moshi ukatanda uani hukuweza kujua nani anamlilia bibi na nani analia moshi.

Mama alirudi nyumbani, akasimama mbele ya rundo la mvua.

"Mama watoto," baba akamwambia kwa upole, "hizo ni za shule."

"Najua ni za nani."

"Tutawaambia nini?"

Mama akashika bati la juu. "Huyu bibi amekuja kwangu kila asubuhi kuomba moto. Sijamnyima. Nianze leo?"

Akavuta bati. Baba aliinama akaanza kubeba, naye akanipa mimi fungu langu.

Wageni walikaa, mvua ikakaa nao. Kuni zetu zilipika chakula cha msiba tangu mwanzo hadi mwisho. Jirani alizipokea akitazama chini. Kisha akafanya jambo lililowashangaza watu: badala ya kukaa mkekani kama mfiwa, alishinda akiyazungusha yale magogo yaliyolowa kandokando ya moto, akiyageuza, akiyahamishia bandani kwake kwenye moto wa mkaa, akirudi na mengine. Wanawake wakanong'ona kwamba uchungu umemzidi. Mama akawaambia wamwache, kila mtu ana namna anavyolia.

Siku lori la Kondoa liliposhuka barabarani kurudi, pale palipokuwa na rundo la mvua palibaki mawe na majivu. Na zamu ya shule ilikuwa kesho yake.

Asubuhi mama alivaa gauni lake la kanisani. Alisema habari mbaya unaipeleka mwenyewe, hutumi mtu. Nikamfuata. Tulitembea kwenye tope, viatu mkononi, hadi nusu ya njia, ndipo akasema, bila kunitazama, "Kwa babu kuna maziwa mengi. Utanenepa." Mama yangu hakuwahi kunidanganya wala kunibembeleza, na kwa sauti ile nilijua kwamba moyoni ameshafunga mizigo. Nikalia nyuma yake, polepole, asisikie.

Tulipokaribia jiko la shule nikasikia mtu anamgombeza punda, kwa zile sauti za kualika.

Mkokoteni ulikuwa mlangoni. Jirani, bado amevaa kanzu ya msibani imejaa masizi, alikuwa anashusha magogo. Niliuona mhimili wa mlango wa mwalimu. Nikakiona kigingi chenye msumari. Vyote vimekauka, vimekuwa vyepesi, vimeungua kidogo pembeni kwa kuokwa. Chini yake kulikuwa na magunia ya mkaa.

"Karibu mama," akasema mtunza stoo. "Mzigo wako tumeupata. Huyu bwana anasema umemtuma."

Mama akamgeukia jirani. Jirani akaendelea kushusha.

"Kuni za msiba hazirudi zilikotoka," akasema, kama anamwambia punda. "Sasa jirani ulitaka nizipeleke wapi?" Kisha akagonga gunia la mkaa. "Na hii ni yangu. Usije ukasema kwa watu kwamba nimeanza kuuza kuni."

Mama akaketi kwenye kizingiti cha jiko, na gauni lake la kanisani, akalia mbele za watu. Alilia alivyokuwa hajalia msibani. Jirani akamwacha alie. Alipomaliza alijifuta uso, akachukua magogo mawili, akayagonganisha. Yakalia vizuri. Akamwambia jirani, "Umejitahidi," na yeye akaitikia, "Nimejifunza kwa kelele zako."

Wiki iliyofuata jua lilitoka, tukapanga rundo jipya, na kabla ya mwezi kuisha wale wawili walikuwa wanagombana tena juu ya uzio. Nilifurahi kuwasikia. Kazi ya shule mama aliipata, akaishika miaka, nami sikwenda kwa babu.

Ukienda Ihumwa leo utakuta nyumba za vigae na reli mpya, na hapo kwetu pana ukuta mrefu wenye geti. Jirani alihamia Kibaigwa kwenye biashara ya mahindi, na huko ndiko alikozikwa. Mama alikwenda kumzika na alirudi hana sauti. Msibani siku hizi mchango unaingia kwa simu, mpishi anakuja na majiko yake ya gesi, na hakuna anayekohoa. Silalamiki, mimi mwenyewe natuma kwa simu. Ila hakuna tena anayejua uzito wa kuingia kwa mfiwa na kitu begani, wala mfiwa hajui ni nani alitoa mhimili wa mlango wake.

Watu huniuliza ni nani aliyenisomesha. Nawajibu wazazi wangu, kwa kuwa ndilo jibu la haraka. Lakini ukweli ni kwamba siku ile nilisomeshwa na mtaa, nyumba kwa nyumba, na wengi wao wamekufa wakidhani kwamba walimpelekea gogo bibi wa watu tu.