Fulana ya Baba Niliyoipeleka kwa Fundi

Sisi tuliokuwa shuleni miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kushushwa Bariadi, hatuhitaji kuelezwa fulana ilikuwa kitu gani. Kabla ya hapo mtoto wa kiume alikuwa na shati la shule, likichakaa linakuwa shati la nyumbani, likichakaa zaidi mama analifanya tambara la kudekia. Nguo ya dukani ilikuwa ya foleni na ya kujuana. Halafu ghafla, siku ya mnada, wachuuzi wanatandika turubai chini na kumwaga rundo linalonuka dawa, nasi tunajitupa humo kama kuku kwenye pumba. Wazee waliziita kafa ulaya, kwa kuamini kwamba mwenye nguo amekufa huko kwao ndiyo maana zimefika kwetu. Bibi yangu hakukubali ziingie ndani kabla hazijafuliwa mara mbili na kuanikwa juani kutwa nzima. Sisi hatukujali aliyekufa ni nani, mradi alikuwa na mwili mdogo.

Mwili mdogo, kwa sababu fasheni ilikuwa kubana. Ukutani kwa kinyozi wetu kulikuwa na picha ya wanamuziki watano, suruali zao pana zimepandishwa hadi kitovuni, fulana zao nyeupe zimewashika mikono na kifua na kuishia pale pale kwenye mkanda. Tulikuwa tukienda kunyoa tunaitazama ile picha kuliko tunavyojitazama kwenye kioo. Fulana ikiwa kubwa ulikuwa mshamba, basi, hakuna rufaa. Vijana wa leo nikiwasimulia wananicheka, wao wanaovaa tisheti inayofika magotini hata hujui kama mtu anakwenda mjini au ndiyo kwanza anaamka. Mwanangu wa pili ana suruali iliyochanika magoti yote mawili, na aliinunua hivyo hivyo, mpya. Lakini siwezi kumsema sana. Mimi kwa ajili ya fulana nilimfanyia baba yangu jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natazama chini, hata nikiwa peke yangu.

Baba alikuwa mkulima wa pamba kama wote, ila kwa miaka mingi alikuwa pia mkaguzi wa madaraja ya pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika cha kijiji chetu. Mkulima akileta mzigo, baba anazamisha mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, anatoa tonge la pamba, analivuta kidogo kwa vidole, analitazama mbele ya mwanga, kisha anatamka neno moja. "Safi" ilikuwa pamba nyeupe iliyochambuliwa vizuri, "fifi" ilikuwa ile yenye madoa na majani. Hakuna aliyebishana naye. Kile kipimo alikihamishia nyumbani. Chai ya mama aliionja akasema safi. Viazi vya jirani, fifi. Ripoti yangu ya kidato cha kwanza aliisoma kutoka juu hadi chini, akafika kwenye hesabu, akanirudishia kwa mkono wa kushoto. "Fifi," akasema, akaenda kufunga ng'ombe.

Soko la pamba nalo likafunguliwa. Wakaja wanunuzi na malori yao, wakanunua safi na fifi wakazichanganya pamoja bila hata kutia mkono, na kazi ya baba ikaisha siku hiyo hiyo. Chama kilimuaga kwa fulana moja nyeupe. Haikuwa mtumba. Ilikuwa mpya, ndani ya mfuko wake, haina maandishi wala picha. Baba aliipokea mbele ya watu, akakivuta kitambaa kwa vidole viwili kama alivyozoea, akaiinua kwenye mwanga. "Hii safi," akasema, na watu wakapiga makofi. Miaka yote alikuwa akiiona pamba ikiondoka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuiona ikimrudia.

Kwa fulana ile baba alikuwa na sheria, na aliziimba mpaka tukazijua. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega, usipande shingoni wala usitelemke mkononi. Shingo ya fulana isilegee, ndiyo maana huivui kwa kuivuta shingo, unaivua kwa kushika pindo. Urefu upite mkanda kwa vidole vinne ili ukiinama kuchota maji usiuchekeshe umma. Isibane tumbo, wala isiwe gunia. Isiguse maji moto, pamba hurudi ikawa ndogo. Mama aliruhusiwa kufua kila kitu cha nyumba ile, ila fulana hiyo baba aliifua mwenyewe, kwa maji baridi ya kisimani na tone la bluu, akaigeuza ndani nje, akaianika kivulini. Kisha pasi ya mkaa, kisha sanduku la bati. Aliivaa kanisani siku za sikukuu na kwenye mikutano, chini ya koti lake la kaki, na nikwambie ukweli, alipendeza. Wanaume wenzake walikuwa na mashati ya maua na tai za mitumba, lakini baba na fulana yake moja tu ndiye uliyemwona kwanza.

Nilikuwa kidato cha pili. Shuleni kwetu kulikuwa na mahafali ya kidato cha nne na disko la mchana, na mimi sikuwa na fulana ya kuvaa. Ile ya mtumba ilikuwa imeshakuwa na rangi ya majivu. Baba alikuwa shambani anang'oa masalia ya pamba. Nikafungua sanduku la bati.

Nilitaka kuivaa tu siku moja na kuirudisha. Hilo nilijiambia. Lakini nilipoivaa ikanipwaya, mshono wa bega ukafika karibu na kiwiko, nikaiona ile picha ya kinyozi. Nikaikunja, nikaenda nayo mtaa wa Somanda kwa Fundi Ramadhani aliyekuwa na cherehani barazani mwa duka. Akaishika, akaigeuza.

"Hii ya mtu mzima, Shija. Mzee anajua?"

"Ni yangu. Kanipa."

Alinitazama kidogo, akachukua mkasi. Akaondoa kitambaa ubavu huu na ubavu huu, akaondoa kwenye mikono, akafupisha chini vidole vinne vile vile vya baba na vingine juu yake. Vipande alivyovikata alivitumia papo hapo kufutia mafuta ya cherehani. Niliona nyeupe ile ikigeuka nyeusi, moyo ukanishtuka, lakini nilipojitazama kwenye kioo cha duka mshtuko ukaisha. Kwenye disko nilikuwa mfalme. Kaka yangu Masanja, aliyekuwa amekuja na baiskeli kunichukua, aliniona mlangoni akasimama. "Shija, hiyo si ya baba?" akauliza. Nikamwambia anyamaze. Jioni niliifua, nikaikunja jinsi baba alivyokuwa akikunja, nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Haikupita wiki mbili. Masanja alikuwa amepata mchumba kule Lamadi, kando ya ziwa, binti wa Mzee Magesa, mfanyabiashara wa samaki, na siku ikapangwa ya kwenda kuzungumza habari ya mahari. Shati pekee jema la nyumba ile lilikuwa la baba, na baba akampa Masanja alivae, maana ndiye aliyekuwa akitazamwa. Yeye angevaa fulana yake na koti. Alfajiri, lori la kutupeleka limeshapiga honi barabarani, baba akaingia chumbani kuvaa. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa amefunga koti la kaki vifungo vyote hadi shingoni. Akanitazama mara moja. "Twende," akasema.

Wanaoijua Lamadi wanajua joto lake, lile linalopanda kutoka ziwani na kukushika shingoni. Nyumba ya Mzee Magesa ilikuwa ya bati, chumba kimejaa shangazi na majirani. "Mwadila, mkwe!" alitupokea kwa Kisukuma ingawa si chake, tukakaa, tukaletewa maji na soda. Kwa Mzee Magesa mgeni huvua koti kabla mazungumzo hayajaanza, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye hulipokea na kulitundika.

"Vua koti, mkwe," akasema, mkono ameshaunyoosha.

"Niko sawa, mkwe. Ahsante."

Ukaja ugali na sato. Jasho likamtoka baba usoni, likamtiririka kwenye masikio, likadondoka kwenye kola. Shangazi mmoja akampepea kwa kawa lililofunika ugali. Mzee Magesa hakuanza kula. Uso wake ulikuwa unabadilika.

"Mkwe, hapa kwangu mtu akikaa na koti namjua anataka kuondoka. Kama hamjaja kukaa, semeni. Au mna jambo mmeficha kwenye nyumba yenu?"

Masanja akaniangalia. Yule dada aliyekuwa aolewe alikuwa amesimama nyuma ya pazia, tukiona vidole vya miguu yake, na vidole vile vikatulia kabisa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno manne tu yangetosha: ni mimi, mzee, nimeikata. Nilitazama jicho la samaki kwenye sahani yangu.

Baba akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, vyote, akampa Mzee Magesa koti.

Fulana ilikuwa imekomea juu ya kitovu. Mikono ilikuwa imembana misuli iliyobeba marobota ya pamba tangu ujana, na alipouinua mkono kulitoa koti, mshono wa kwapa ukachanika kwa sauti. Watoto ndio walioanza kucheka. Kisha shangazi mwenye kawa akajifunika mdomo kwa kanga. Baba akajitazama tumbo, akatutazama sote, bila kuanzia kwangu wala kuishia kwangu.

"Imerudi," akasema. "Niliifua mwenyewe. Kwa maji moto."

Mzee Magesa alikodoa macho, kisha akaangua kicheko kilichomtoa machozi. Katika ujana wake alikuwa amelima pamba, alimjua baba na mkono wake. "Wewe! Wewe wa safi na fifi! Wewe ndiye wa kufua pamba kwa maji moto?"

"Uzee, mkwe," akasema baba, naye akacheka, akavuta sahani. Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda kama maji. Nani atamkazia mzee anayekaa mbele yake na kitovu nje? Masanja alipewa mke siku ile, na jioni tulirudi tunaimba. Mimi niliimba pia.

Nyumbani nilingoja kiboko. Nilikingoja siku tatu. Siku ya nne nikamkuta baba kisimani anaifua ile fulana, maji baridi, tone la bluu, ndani nje. Akaianika kivulini. Akashona kwapa kwa sindano ya mkono. Ilipokauka na kupigwa pasi akaniita.

"Chukua. Inakutosha wewe."

Nikaivaa mbele yake kwa sababu alikuwa anasubiri. Akanisogelea, akashika mshono wa bega kwa vidole viwili, akausogeza kidogo mpaka ukakaa juu ya mfupa. "Haya," akasema. "Bega limekaa." Laiti angenichapa. Sikuivaa tena fulana ile, na yeye hakuniuliza iko wapi.

Jina ndilo lililobaki. Wakwe walianza kumwita Mzee Maji Moto kwa utani, utani ukahamia mnadani, ukahamia kanisani, na wajukuu walipozaliwa wakajua babu yao anaitwa hivyo. Mtu aliyeheshimiwa kata nzima kwa kuijua pamba, akafa anajulikana kwa kutojua kufua. Msibani kwake mzungumzaji aliusimulia mkasa wa Lamadi, waombolezaji wakacheka huku wanalia. Nami nilicheka, nikijifuta macho.

Siku hizi watu husema mimi najua kuvaa fulana. Vijana wa ofisini huniuliza, mzee, mbona tisheti yako ya kawaida tu inakukaa hivyo? Nawapa sheria zote, bega, shingo, vidole vinne, kivulini. Wanaandika kwenye simu zao. Sijawahi kuwaambia nilizipata kwa nani.

Mwezi uliopita ukoo ulikutana kijijini. Enzi zetu ukoo ukikutana ulijulikana kwa sura na kwa kelele, sasa lazima kuwe na sare. Watoto wa Masanja wametengeneza fulana nyeupe kwa watu wote, na kifuani kumeandikwa kwa herufi za bluu: Ukoo wa Mzee Maji Moto. Nilipewa yangu nikaivaa. Mshono ulikaa juu ya mfupa, urefu ulipita mkanda kwa vidole vinne. Wakati wa chakula Neema, binti wa mwisho wa Masanja, akanigeukia.

"Baba mdogo, wewe si ulikuwepo? Eti ni kweli babu aliifua fulana kwa maji moto?"

Masanja, mvi tupu sasa, akaacha kutafuna. Akaniangalia kama alivyoniangalia kule Lamadi.

"Ni kweli," nikasema. "Maji moto kabisa."

Wakacheka wote, na Masanja akarudi kwenye sahani yake. Kwa hiyo nayasema hapa, kwenu nyinyi wa rika langu mliowahi kuzama kwenye rundo lile la mnadani. Baba yangu alifua kwa maji baridi ya kisimani, maisha yake yote.