Utarudia, Jike Niliyemkataa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale machimboni Mutoshi, wanaume saba wenye nguvu zao tulikataa kuingia shimoni kwa sababu ya mbwa aliyekuwa akinyonyesha. Mbwa huyo nilimfahamu vizuri. Nilikuwa nimemkataa mimi mwenyewe.

Nakueleza haya kwa kuwa jirani amekuwekea watoto wawili wa mbwa, dume na jike, na tangu juzi unaniuliza uchukue yupi.

Nilikuwa kijana mchimbaji, kichwani sina mvi hata moja. Mama Ngoie, aliyetuuzia bukari, ndio ugali wetu, na samaki kando ya machimbo, alikuwa kama mama yetu sote. Mbwa wake alipozaa, aliniita nichague wa kulinda kibanda chetu. Walikuwa wamebaki wawili. Jike alikuja mwenyewe, akalala juu ya buti langu. Dume alikuwa akipigana na kifuniko cha sufuria. Nikamnyakua dume.

"Mi nakamata huyu mwanaume, mama. Ule mwanamuke atakimbiza mawe."

Ndivyo tulivyoamini: mwanamke akisogelea mdomo wa shimo, madini hukimbilia chini zaidi. Nami, kwa ujuzi wangu wote, niliona amri hiyo inawahusu hata mbwa.

Mama Ngoie aliweka mwiko chini. "Weye Kapend, na nguvu yako yote ile, ni mwanaume alikuzala?"

Wateja walicheka hadi bukari ikawapalia.

Jike akabaki kwa Mama Ngoie, naye akampa jina Utarudia, yaani ipo siku utarudi kwake. Kwetu jina la mbwa ni barua kwa jirani. Kila alipomwita, nilijua anayeandikiwa ni nani.

Dume langu, Komando, alilinda vizuri miezi michache. Kisha akaanza kufuata majike, siku tatu, siku nne, anarudi na sikio limechanika. Nilimpenda hivyo hivyo. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyetaka dume bila kuuliza dume huishi vipi.

Mvua zilipoanza, Utarudia alikuwa na mimba, na baba hakuhitaji kutafutwa. Asubuhi ile tulimkuta amezaa chini ya turubai letu, juu ya magunia matupu, hatua moja kutoka mdomo wa shimo. Watoto wanne, wawili wana doa jeupe la Komando kifuani.

"Hakuna mutu wa kushuka," mkubwa wetu alisema. "Mawe yote imekimbia. Imbwa ya nani hii?"

"Ni muke wa Komando," mmoja akajibu. "Basi ni mukwe wa Kapend!"

"Kapend, tosha bamukwe bako hapa, ubapeleke kwa Mama Ngoie. Ukimaliza, tutashuka."

Siku bila kushuka ilikuwa siku bila kula, kwa hiyo sikubisha. Niliwabeba mmoja mmoja hadi jikoni kwa Mama Ngoie, mama yao nyuma yangu, akininusa mkono kila hatua. Nilikuwa namlaza wa nne nilipohisi ardhi ikitetemeka. Tulipogeuka, shimo letu lilikuwa limejifukia, na turubai limezama nalo. Ndani hakukuwa na mtu; wenzangu sita walikuwa wamenifuata jikoni kunicheka.

Mama Ngoie alimwita tu mbwa wake, taratibu, kwa jina lake.

Mwanangu, mchagua jembe si mkulima. Dume atazunguka mitaa yote, nawe utamtafuta. Jike atakuletea watoto, na kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Pima uwanja wako na subira yako, usipime maneno ya watu, maana si kila lisemwalo lipo. Halafu keti chini kimya, uone ni yupi atakayekuja kulala juu ya kiatu chako.

Mungu akujalie mlango ambao kila ukiufungua, kuna mkia unaotikisika kwa furaha.

Mimi hadi leo sijui asubuhi ile niliokolewa na nani: mbwa niliyemkataa, au ujinga ule ule ulionifanya nimkatae.