Mistari ya Marehemu Maxwell

Ukimwuliza mama yake Nyamvula, pale Mtongwe, binti yake anafanya kazi gani, atakujibu bila kukutazama, mkono ungali kwenye karai la viazi: "Anatafuta vitu kwenye kompyuta." Watu hucheka. Wacheke. Lau wangemwona Jumamosi ile ya Februari, jua la saa saba likichoma mabati ya Changamwe, wangefunga midomo.

Nyamvula Lewa ana miaka ishirini na tisa, naye ndiye fundi wa programu katika ghala moja la baridi. Siku hiyo chumba namba nne kilikuwa na maboksi mia tatu ya chanjo za watoto, yakingoja lori la saa kumi liyapeleke zahanati za kusini. Chanjo hizo hukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Zikipita nane, zinatupwa, na kina mama waliotembea na watoto mgongoni watarudishwa mikono mitupu. Mota ya baridi ilikuwa imezima tangu saa tano. Kila wakiiwasha, programu inaizima tena. Kipimo kilisoma sita nukta mbili.

"Si wahamishe," utasema wewe mjuaji. Wahamishie wapi? Vyumba vingine vyote ni vya kugandishia samaki, na chanjo hizo zikiganda zimekufa. Tulia usikilize.

Programu yenyewe aliiandika Mzee Maxwell, aliyestaafu kitambo na kufariki mwaka juzi. Mistari laki mbili, na marehemu alikuwa bahili wa herufi: mota aliiandika MT, pumzisha akaandika PMZ. Ukitafuta neno "baridi" humo ndani utazeeka. Hakuliandika hata mara moja. Waliomfuata ni vijana waliokuja wakaondoka, kila mmoja na majina yake.

Ndipo Nyamvula akatengeneza kitu chake. Nikifika hapa kueleza, hata wenye digrii hukwama, na mtu wa darasa la saba akaelewa akapita kifua mbele. Zipo kompyuta zinazofasiri lugha. Unaweza kuipa moja vitabu viwili, kimoja cha Kiswahili, kimoja cha Kifaransa, sentensi kwa sentensi, mpaka itambue kwamba neno hili huandamana na lile. Nyamvula alifanya vivyo hivyo. Upande mmoja aliweka daftari la hitilafu la miaka kumi na miwili, wafanyakazi wakilalamika kwa Kiswahili chao. Upande wa pili, mistari ya programu iliyobadilishwa kujibu kila lalamiko. Mashine ikasoma jozi elfu nne. Sasa unaandika shida yako kama unavyoisema, nayo inaifasiri kwa lugha ya programu, kisha inakwenda kutafuta.

Siku zote ilimtii. Siku hiyo ikamgomea.

Aliandika: "Mota ya baridi inawaka kisha inazima yenyewe." Ikamletea mistari ya milango ya umeme. Akageuza maneno. Ikamletea taa za milango. Meneja wake, Justus, mtu wa bara, alikuwa amesimama nyuma yake akimhemea shingoni.

"Nyamvula, niwapigie wenye chanjo niwaambie zimeenda?"

"Nipe nusu saa."

"Hiyo nusu saa uliiomba saa sita."

"Ya saa sita imekwisha. Nipe nyingine."

Sita nukta tisa.

Mzee Munga, msimamizi wa vyumba, Mrabai mwenye miaka yake hamsini na minane, ndiye aliyeyaandika malalamiko ya wenzake katika daftari lile miaka yote. Alikuja kuchungulia, akainamia kioo, mashine ilikokuwa imeonyesha malalamiko ya zamani yaliyofanana na swali.

"Haya si maneno yangu?"

"Ni yako, baba."

"Salamu ziko wapi? Mimi huandikia watu kama nawafokea?"

"Nilizitoa zote," Nyamvula akasema bila kugeuka. "Kila ukurasa una salamu, hazinisaidii kutafuta."

"Zilikukosea nini? Mimi salamu zangu naziandika kwa mpango. Maxwell alikuwa mkubwa wangu, nilimpa shikamoo kila nikimwandikia. Hawa watoto waliokuja nyuma yake niliwaandikia 'hujambo fundi', basi. Nimwamkie mtu anayeshinda na kofia ndani ya nyumba?"

Vidole vya Nyamvula vikasimama juu ya vibonye. Kila lalamiko lenye shikamoo lilikwenda kwa Maxwell, likajibiwa kwa herufi za Maxwell. Yeye, kwa kupenda usafi, alikuwa amefuta alama pekee iliyotenga lugha ya marehemu na lugha ya vijana. Na kwa kuwa miaka ya vijana kilichozimazima kilikuwa ile milango ya umeme tu, mashine nayo ikakimbilia milangoni.

"Baba," akasema polepole, "umeniokoa, ama utanizika. Keti hapa."

Akazirudisha salamu zote, akaiamuru mashine ijifunze upya tangu ukurasa wa kwanza. Dakika kumi na tisa. Huwezi kuiharakisha, huwezi kuisukuma. Saba nukta tatu. Justus akatoka, akarudi, akatoka tena. Mzee Munga alikuwa akiomba kimya kimya, midomo ikicheza. Saba nukta sita.

Nyamvula akaandika: "Shikamoo mzee. Mota ya baridi inawaka kisha inazima yenyewe."

Jibu la tatu kwenye orodha: MT4_PMZ. Mistari kumi na mmoja. Mota ikiwashwa zaidi ya mara sita ndani ya saa moja, ipumzishwe kwa muda wa saa sita. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara saba ndani ya saa moja. Programu ikadhani kuna mtu anaichezea mota, ikaifungia.

"Futa hiyo kitu," Justus akasema. "Futa yote."

"Sifuti."

"Saba nukta nane, Nyamvula."

"Mtu haandiki hivi bure. Huyu aliwahi kuona mota ikiungua. Nikifuta, umeme ukirukaruka tena jioni, hatuna chanjo wala mota."

Akagusa tarakimu moja tu: hesabu ya kuwashwa, saba akaifanya sifuri. Akabonyeza. Nyuma ya ukuta kitu kikakohoa, kikanguruma.

Saba nukta tisa.

Kipimo kikakaa hapo dakika nne nzima, mngurumo ukiendelea, Justus simu mkononi, kidole juu ya namba ya wenye chanjo. Kisha kikasoma saba nukta nane. Kisha saba nukta saba.

Justus akaitia simu mfukoni. Nyamvula akainuka akanywa maji, kisha akarudi kuisoma tena ile mistari kumi na mmoja ya Maxwell.