Safu ya Kabila

Kosa lenyewe nililifanya kwa rula na kalamu, mchana kweupe, nikiwa nimejaa furaha. Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha ushonaji pale Jacobs, huku ugenini kwa Wazulu: akina mama kutoka Kongo na Burundi, Wazulu wenyewe wachache wa mitaa ya jirani, na mimi Mtanzania peke yangu. Ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko na Kiingereza changu cha shule. Kanisa lililotuazima ukumbi lilikuwa limeanza kuuliza kama yupo mtu yeyote huko nje anayetutambua. Hapo likatokea tangazo la tuzo ya ujumuishi, kwa vikundi vinavyopokea watu wa kila aina. Nikasema, hii ni yetu.

Fomu ilitaka tuthibitishe kwamba wanachama wetu ni mchanganyiko. Nikachora safu nne: jina, nchi, lugha, kabila. Karatasi nikaipitisha cherehani hadi cherehani, kila mmoja ajaze kisha ampe jirani yake.

Kwetu Morogoro kabila ni jambo la utani. Mtani wako anaweza kuja msibani akaiga mwendo wa marehemu, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Nimekua nikiuliza "wewe kabila gani?" kama wengine wanavyouliza umeamkaje. Haikunijia kabisa kwamba wapo watu waliokimbia nchi yao kwa sababu ya swali hilohilo.

Meza ya dirishani walikaa akina mama wawili wa Burundi. Mmoja alikuwa mtu mzima, fundi wa kola. Mwenzake alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, kazi yake vifungo na pasi. Walishinda wakicheka kwa Kirundi na kula bakuli moja. Mdogo alipojifungua, ni yule mkubwa aliyembeba mtoto mgongoni mwezi mzima huku akishona.

Karatasi ilimfikia mkubwa kwanza.  Akajaza safu zote, polepole, maana ukimbizi umemfundisha kwamba karatasi usiyoijaza hukufuata. Akampa mwenzake. Mdogo akasoma kilichoandikwa juu ya mstari wake, akaweka kalamu mezani, akakunja kitambaa alichokuwa akishona na kutoka nje. Mkubwa hakuinua macho. Mimi nikadhani yule mdogo tumbo linamsumbua.

Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu, na iliyofuata vilevile. Nami nikaendelea kupamba maombi yangu. Niliandika kwamba sisi ni jumuiya jumuishi yenye utofauti wa hali ya juu, sentensi ambayo hata leo nikiikumbuka naona haya. Maombi nikayapeleka, pamoja na ile karatasi, kwa mwanamke mmoja wa Kizulu aliyewahi kukaa na majaji wa tuzo za namna hiyo.

Alisoma hadi mwisho, akavua miwani. Akaniambia maneno makubwa kama yangu huletwa na kila kikundi, na kwamba idadi ya makabila haimwonyeshi jaji chochote; hata foleni ya teksi ina makabila. "Nani anashika ufunguo wa ukumbi?" akauliza. "Nani alikuwa hawezi kuingia, na mlibadilisha nini ili aingie? Mlikosea wapi, mkafanya nini? Andika hayo. Na usimwandike mtu bila ruhusa yake." Kisha akaweka kidole kwenye safu ya nne. "Hawa walikubali kuulizwa hili?"

 Ndipo nikakumbuka kile kitambaa kilichokunjwa.

Yule mdogo nilimkuta Isipingo, karibu na stendi ya teksi, akiuza soksi na vitana.

"Katibu," akasema. "Iko maneno gani?"

"Nimekuja kuomba msamaha, dada."

Akaanza kupanga upya soksi zilizokuwa zimepangika vizuri tu.

"Mi nilikuwa najua ye ni nani. Na ye alikuwa anajua. Hatukusemaka ata siku moja. Ndiyo maana tulikaa bien, muzuri. Sasa wewe umetuandikisha. Juu ya nini? Juu ya zawadi?"

 Nilitoa ile karatasi mkobani nikampa. Akaichana vipande vidogo sana, lakini hakuvitupa. Alivitia mfukoni, asije mtu akaviokota. Nilijichukia siku ile. Nikamwomba ruhusa niandike kosa langu kwenye maombi.

"Andika kosa yako," akasema. "Sisi usituandike."

Nikaanza upya, kwa sentensi fupi. Ufunguo unashikwa kwa zamu. Kushona Jumamosi tuliacha kwa ajili ya Wasabato wawili. Cherehani moja tuliiinua juu ya matofali kwa ajili ya mwenzetu asiyeweza kukunja goti. Rasimu niliwasomea wote kwa sauti, na waliyoyakataa nikayafuta. Penye kisanduku cha makabila niliandika: "Hatuulizi. Katibu aliuliza mara moja, akakosea, na orodha imechanwa." Hata kurasa hizi nimeziombea ruhusa kwa wale wawili, na majina nimeyaacha.

Tuzo tulipata. Barua ya majaji ilisifu ukweli wetu, kanisa likatuachia ukumbi, na cheti kikatundikwa juu ya dirisha. Yule mdogo alirudi pia. Mkubwa alimsogezea kiti kwa mikono yake mwenyewe, nami nikaenda chooni nikalia.

Wanakaa meza ileile mpaka leo. Ila kila mmoja huja na bakuli lake, na anayepewa mkasi husema asante sana. Wageni wakija kutazama cheti huwaona pale chini yake, wamekaa bega kwa bega, wakapendezwa. Mimi husikiliza. Siku hizi wanaongea Kiswahili, si Kirundi.